Dobi Aliyekwenda Hospitali Akiwa Msafi Mno

Dobi huyu wenzake kazini wanamwita Mstari, na suti za watu amezipiga pasi kwa miaka kumi na tisa. Jina alipewa kwa sababu ya mstari anaouweka kwenye suruali, ule wa mbele, unaoanzia chini ya mkanda ukashuka mpaka kwenye kiatu bila kupinda. Kaa na suruali hiyo kutwa nzima kwenye kiti cha ofisi, simama, mstari bado upo. Wateja walikuwa wakiingia dukani wanasema, "Hii naomba apige yule mzee wa mstari," na wengi wao hata sura yake hawaijui, maana meza yake iko nyuma, ng'ambo ya pazia.

Nataka kuwasimulia habari zake, lakini niseme mapema kwamba zitawaudhi. Bwana yule alikuwa mgonjwa. Dawa ilikuwepo. Daktari aliyetaka kumpa hiyo dawa alikuwepo, tena kwa moyo mmoja. Na bado mwaka ukakaribia kwisha hajaipata, kwa sababu aliyoitengeneza mwenyewe kwa mikono yake, na mkewe akimchemshia maji. Na ukishaisikia hiyo sababu, hata kumkasirikia sawasawa huwezi.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye viwiko. Mabaka mekundu, yameinuka kidogo, na juu yake magamba meupe, kama mshumaa uliokwanguliwa kwa kisu. Kwanza alidhani ni mvuke wa pasi. Akabadilisha sabuni. Mabaka yakahamia magotini, yakapanda mgongoni, yakaingia kichwani nyuma ya masikio. Hospitali wakamwambia ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza na usiokwisha. Akapakwa mafuta ya kila aina. Akapewa vidonge, vidonge vikaanza kumsumbua ini, vikasimamishwa.

Sasa fikiria kazi yake. Mtu anayedondosha unga mweupe, ameinama kutwa juu ya makoti meusi. Alijitahidi. Alivaa mikono mirefu hata siku za joto kali, akafunga kola mpaka juu, akawa na brashi mfukoni, kila koti akilimaliza analipangusa mara mbili. Lakini siku moja wakili mmoja alirudi dukani na koti lake mkononi, akalitandaza kaunta.

"Nimesimama mbele ya watu na hili koti," akasema. "Mtu akaniuliza kama nimelala kwenye gunia la unga."

Mwenye duka, mwanamke mfupi ambaye wafanyakazi wote wanamwita Tajiri, alilipokea lile koti, akaomba radhi, akamrudishia mtu hela yake. Kisha akaenda nyuma ya pazia. Si mtu mbaya, Tajiri. Alisimama pale muda mrefu akichezea ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Mstari, nakuhamisha," akasema. "Utakaa kwenye mashuka."

"Mashuka ya nini?"

"Ya nyumba za wageni. Meupe. Kule hakuna atakayeona kitu."

"Mashuka hayana mstari, Tajiri."

"Najua hayana mstari. Mimi nimekosa la kufanya, mzee wangu. Meza ya suti nitakuwekea mpaka mwisho wa mwaka. Jitibu. Mwaka ukiisha hujapona, nitaajiri mtu mwingine, na usinilaumu."

Basi akawekwa kwenye mashuka. Ukitaka kumwona mtu mzima akinyong'onyea, mchukue fundi aliyekuwa akinyoosha kola za mahakimu, mpe shuka. Shuka unaliingiza kwenye rola la pasi upande huu, linatokea upande ule. Hakuna unalolijua wewe ambalo rola halijui. Na meza ya suti akapewa kwa muda kijana wa zamu ya jioni, ambaye alikuwa akipiga mistari miwili kwenye mguu mmoja wa suruali. Mstari alikuwa akiziona zile suruali zikipita kwenye hanga, anafumba macho.

Ndipo akapelekwa kwa daktari wa ngozi katika hospitali kubwa. Daktari mwenyewe mwanamke, bado ana umri wa kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

Alimweleza taratibu. Kwamba mwilini mna askari wa kinga, na askari hao hawana simu. Wanapelekeana habari kwa protini ndogondogo, kila moja ikiwa ni ujumbe. Zipo nyingi mno, wataalamu wamechoka kuzipa majina, wanazitaja kwa namba. Kwa watu wenye soriasisi, iko moja, namba kumi na saba, ambayo inatumwa bila kukoma. Ngozi ikiipata inadhani imejeruhiwa, inaanza kujiziba haraka haraka, na yenyewe inatuma ujumbe wa kuita askari zaidi. Askari wakija, wanaleta namba kumi na saba nyingine. Hapo hakuna wa kumwambia mwenzake basi.

Sindano ipo, akasema daktari, inayoikamata hiyo namba kumi na saba kabla haijafika. Ni ghali, mtu wa kawaida haiwezi. Lakini hospitali imepata mpango wa kuwatibu wagonjwa kumi na wawili bure. Sharti ni moja: ugonjwa uwe mkali. Na ukali haupimwi kwa maneno ya mgonjwa wala kwa huruma ya daktari. Unapimwa kwa alama. Daktari anaangalia kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, anaangalia wekundu, unene, magamba, na eneo lililoshikwa, anapiga hesabu. Alama kumi kwenda juu, unaingia. Chini ya kumi, unaendelea na mafuta.

"Vua shati, baba, tukupime."

Nane nukta moja.

Daktari akashangaa kidogo, kwa maana barua iliyomleta ilikuwa imeandika "mkali". Akampa tarehe nyingine, labda siku ile ugonjwa ulikuwa umetulia. Miezi miwili baadaye akarudi. Saba nukta tisa.

Hapo ndipo nawaomba mvumilie, maana lazima niwaambie kilichokuwa kikitokea nyumbani.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali, Mstari alikuwa akiomba ruhusa kazini. Saa tatu asubuhi mkewe anamwekea sufuria kubwa jikoni. Maji ya moto yanamiminwa kwenye beseni, yanatiwa chumvi. Dobi anajiloweka, kiwiko kwa kiwiko, goti kwa goti, jinsi unavyoloweka kola yenye jasho la wiki. Kisha anachukua jiwe la kusugulia visigino, na kazi inaanza. Anasugua gamba mpaka linatoka. Mgongoni anasuguliwa na mkewe, kwa brashi ya plastiki. Maji yanabadilishwa mara tatu. Akitoka humo anajipaka mafuta mazito, anajifunga nailoni ile ile ya kufunikia suti, anakaa hivyo mpaka jioni. Na kuna tyubu moja ya dawa kali, aliyopewa zamani, ambayo kwa kawaida haitumii kwa sababu anaibania isiishe. Hiyo anaanza kujipaka siku nne kabla.

Kwa nini? Kwa sababu anakwenda kwa daktari! Mtu utakwendaje kuonwa na daktari, tena mtoto wa watu aliyesoma, ukiwa unadondosha taka kwenye sakafu yake? Maisha yake yote yule bwana amekula kwa usafi. Kwake yeye, kwenda hospitali na magamba yale ni sawa na kupeleka suti kwa mteja ikiwa bado na doa. Na mkewe naye aliona hivyo hivyo, na ndiyo maana alisugua mgongo kwa nguvu zake zote.

Siku mbili baada ya kliniki, magamba yote yamerudi, yameleta na wenzao.

Safari ya tatu mke akasema naye anakwenda. Alikuwa amechoka. Kila mara mumewe anarudi na karatasi yenye namba isiyofika, na yeye ndiye anayefagia. Walifika asubuhi, Mstari ameng'aa kama bilauri. Daktari akapima, akapima tena, akaandika.

"Saba nukta mbili," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kutoa habari mbaya. "Baba, kwa kweli, sina jinsi."

"Samahani, daktari," mke akasema. "Naomba niulize kitu. Hiyo saba ni ya huyu huyu?"

"Ya huyu, mama."

"Maana mimi kila asubuhi nafagia kitanda. Sisemi sakafu, nasema kitanda. Natandua shuka, nalikung'utia nje, mpaka jirani ananifungia dirisha. Yanayodondoka usiku mmoja yanajaza upawa. Sasa saba inatoka wapi?"

Daktari akamtazama mke. Akamtazama mume. Akashika kiwiko cha Mstari, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa chekundu, laini, kinateleza kwa mafuta, na pembeni kina michubuko.

"Baba, jana ulifanya nini?"

"Nilioga."

"Ulioga vipi?"

Mstari akanyoosha mabega. Na akaeleza yote, ndugu zangu, kwa fahari kabisa: beseni, chumvi, jiwe, brashi, nailoni, tyubu. Alieleza kama fundi anavyomweleza fundi mwenzake. "Kusugua peke yake saa nne," akamalizia.

"Na nusu," akasema mkewe.

Daktari alifunga kalamu. Akagusa paji la uso kwa vidole.

"Kila unapokuja kwangu?"

"Kila mara, daktari. Sijawahi kuja kwako mchafu hata siku moja."

"Baba. Kazi yako ni udobi, si ndiyo? Sasa mteja ana suti ina doa baya. Kabla ya kukuletea, yeye mwenyewe kwanza analisugua nyumbani, kwa sabuni, kwa jiwe, mpaka linafifia. Ndipo anakuletea wewe, anataka umwambie ni doa la nini na linatoka kwa dawa gani. Utamwambia nini?"

"Ah! Hao!" Mstari akaruka kwenye kiti. "Hao ndio wateja wabaya kuliko wote! Daktari, hao watu wananitesa. Anakuletea kitambaa kimechakaa, doa hulioni, limejificha ndani, ukilipiga pasi tu linatokea lote. Si wangeleta nguo kama ilivyo? Kwani sisi tuko pale kwa ajili gani?"



"Umejisikia ulivyosema?" mkewe akamuuliza.

Ilimchukua dakika nzima kabla hajajisikia.

Daktari akawaambia yaliyobaki bila kupamba. Kati ya wagonjwa kumi na wawili, kumi na mmoja wameshapatikana. Nafasi moja ndiyo iliyobaki, na orodha inafungwa baada ya wiki tatu. Baada ya hapo hajui kama mpango utakuja tena. "Wiki tatu, baba. Oga kama watu wanavyooga. Jipake mafuta ya kawaida. Jiwe, hapana. Brashi, hapana. Tyubu hiyo niletee mimi. Uje kama ulivyo."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Na watu wakiniona?"

"Mimi nikuone," daktari akasema. "Ndiyo kazi niliyoisomea."

Wiki tatu zile sitaki hata kuzieleza sana. Mke alilitupa jiwe kwenye shimo la taka. Brashi akaificha kwake. Mume akawa mkali kama pilipili, maana ngozi ilikuwa inawasha na kupasuka, na alikuwa anajiona anachafuka siku hadi siku huku amekatazwa kujisafisha. Kazini alikaa peke yake kwenye rola, mashuka yakipita, naye akiyapangusa. Kijana wa zamu ya jioni siku moja akamuuliza, kwa kumsaidia tu, "Mzee, kwani huogi?" Mstari akaenda kusimama kwenye stoo mpaka hasira ikashuka.

Na kama hayo hayatoshi, akaja dada yake.

Huyu dada yake mkubwa ni mtu wa mapenzi mengi na masikio machache. Alifika Jumapili na chupa mbili kubwa za maji yaliyochemshwa na mizizi, rangi kama ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Kunywa, mdogo wangu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kinga yako imeshuka, hii inapandisha."

"Dada, kinga yangu haijashuka."

"Imeshuka. Ungekuwa na kinga ungeota hayo?"

"Wifi," mke akasema, "daktari amesema ni kinyume. Imezidi."

"Kinga imezidi! Tangu lini mtu akazidiwa na kinga? Si ungekuwa huumwi kabisa?"

Mstari akaweka kikombe chini. Alikuwa ameliwaza jambo hili siku nyingi kule kwenye rola, na nadhani hapo ndipo kwa mara ya kwanza alilielewa vizuri, kwa sababu alilazimika kumweleza mtu asiyetaka kuelewa.

"Dada, sikiliza. Pale kwetu nguo ikiingia inabandikwa tiketi. Tiketi nyeupe, nguo inafuata njia yake: inafuliwa, inakaushwa, inapigwa pasi, siku ya tatu inatoka. Tiketi nyekundu ni ya haraka. Ikija nyekundu moja, tunaikimbiza, hakuna ubaya. Sasa chukulia kuna mtu pale kaunta amekaa anabandika nyekundu kila nguo. Kila nguo haraka, haraka, haraka. Tutafanyaje huko nyuma? Tutatoa nguo zina maji. Tutazikunja mbichi, tutazirundika kaunta mpaka zidondoke chini. Haya magamba ndiyo hizo nguo. Ni ngozi iliyotolewa mbichi. Ngozi yako wewe inachukua kama mwezi kutoka chini mpaka juu. Yangu siku nne, tano, imeshafika. Mafundi huko nyuma si wavivu, dada. Wanafanya kazi kupita kiasi kwa sababu ya tiketi za uongo."

"Na sindano?"

"Sindano inamnyang'anya yule wa kaunta tiketi nyekundu."

Dada akaitikia kwa kichwa. Mke akamtazama kwa matumaini. Mimi mwenyewe niliposimuliwa hapa nilidhani ameelewa.

"Sasa hao mafundi si watakuwa wamechoka?" dada akasema. "Ndiyo maana nimewaletea hii ya kuwapa nguvu."

Mstari alikunywa. Angefanyaje? Dada alipoondoka, mke akaimwaga iliyobaki kwenye maua. Yale maua, kusema kweli, hayakuonyesha tofauti yoyote.

Siku ya kliniki ikafika. Mstari alivaa suruali ya buluu aliyoinyoosha mwenyewe na shati jeupe la mikono mirefu. Ngozi hakuigusa. Walikaa kwenye viti vya plastiki vya ukumbi, vile vilivyounganishwa kwa chuma kimoja, akijikuna mmoja wote wanatikisika. Kwenye mabega ya shati magamba hayakuonekana, lakini kwenye mapaja, juu ya ile suruali ya buluu, kila akisogeza mkono yalidondoka. Mwanamke aliyekuwa kiti cha jirani alitazama, akachukua mkoba wake, akahamia kiti cha tatu. Alijifanya anatafuta feni.

Mstari akasimama. "Nakwenda msalani."

Mke akangoja. Dakika tano. Dakika kumi. Muuguzi akatoka na faili mkononi, akaita, hakuna aliyeitika. Mke akajua. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa choo cha wanaume, akaugonga kwa kiganja.

"Wewe! Unafanya nini humo?"

"Nakuja."

"Nasikia maji!"

"Nafuta kidogo tu. Hapa mkononi. Panaonekana sana."

"Fungua mlango!"

"Ni mkono mmoja tu, mama watoto! Siwezi kumpa mtu mkono huu!"

"Nasema ufungue! Mwaka mzima nakung'uta mashuka, mwaka mzima, leo ndiyo siku yenyewe, wewe unafua! Unafua, hospitali! Toka humo kabla sijaingia, na nikiingia humo tutajulikana mji mzima!"

Ukumbi wote ulikuwa umegeuka. Yule mwanamke wa feni alikuwa amesahau feni. Mlango ukafunguka, Mstari akatoka, shati halijafungwa vifungo, leso imelowa, mkono wa kushoto umesuguliwa kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, mwekundu kama umeungua. Mkewe alimnyang'anya leso. Alimshika mkono mwingine, ule mchafu, akaenda naye hivyo mpaka chumba cha daktari, kama anayepeleka ushahidi.

Daktari alianza kupima. Kichwa. Mgongo. Miguu. Kila mara anaandika, anatikisa kichwa, lakini safari hii si kwa kukata tamaa. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisimama.

"Hapa pametokea nini?"

Mke akatazama dari. Mstari akatazama viatu.

"Nimekosa, daktari," akasema. "Kuna mama amehama kiti."

Akapiga hesabu. Akairudia, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kukosea upande wowote. 

"Kumi nukta tatu."

Mke akakaa chini, ingawa alikuwa hajaambiwa akae.

"Ungeufikia na mkono wa pili, baba," daktari akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, hasira ya mtu aliyenusurika, "leo ningekurudisha nyumbani. Kwa mikono yangu hii ningekurudisha, na ningelia. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sidhani kama unanielewa. Saini hapa."

Haikuwa mwisho wa kuudhika. Kabla ya sindano lazima vipimo: picha ya kifua, kuhakikisha hakuna kifua kikuu kilicholala, damu, ini. Picha ikapotea, ikapigwa nyingine. Daktari akamweleza kwamba namba kumi na saba nayo ina kazi zake za halali, hasa kuzuia fangasi, kwa hiyo akiona utando mweupe mdomoni aje mara moja, asiusugue. Neno "asiusugue" alilirudia mara tatu, na mke akaliandika.

Sindano ya kwanza alichomwa pajani. Zile za mwanzo zilikuwa kila wiki. Wiki ya kwanza hakuna kitu, na Mstari akaanza kusema kwamba wamemdunga maji. Wiki ya pili mwasho ukapungua. Wiki ya nne mke alitandua shuka asubuhi, akalikung'uta nje, akasimama akilitazama. Akalikung'uta tena. Jirani, kwa mazoea, alikuwa tayari ameshafunga dirisha.

Dada alipokuja na kuona mikono ya mdogo wake, alipiga makofi.

"Si nilikwambia kinga itapanda?"

Mstari alifungua mdomo ili amweleze upya habari za tiketi. Mke akamkanyaga mguu chini ya meza, naye akafunga mdomo.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwaka kuisha alipokwenda kumwona Tajiri. Alikwenda na shati la mikono mifupi, jambo ambalo pale dukani hawakuwahi kuliona. Tajiri alivaa miwani, akamshika viwiko, akamzungusha kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua koti.

"Umepona?"

"Sijapona."

"Mbona hakuna kitu?"

"Ugonjwa umenyamazishwa tu. Bado niko na baka gotini, na sindano nikiacha unaweza kurudi. Daktari kasema ni wa maisha."

Tajiri akavua miwani. "Mstari, wewe ni mtu wa namna gani? Nimekuwekea meza mwaka mzima. Hapa mbele yangu nina mtu ameleta barua ya kuomba kazi hiyo. Ungesema umepona tu, ukanyamaza, mimi na wewe tungeshapeana mikono."

"Nimeshajifanya mzima vya kutosha, Tajiri. Kulikuwa kunipeleke pabaya. Chukua mtu wako kama unataka. Lakini koti nitakaloligusa leo halitarudi na kitu, na siku mwili ukianza tena, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuambiwa, kabla hata ya mke wangu."

Tajiri alimtazama sana. Kisha akaichukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo.

"Yako makoti kumi na moja kule nyuma," akasema. "Yanatakiwa saa nane. Na matatu ni ya yule wakili."

Mstari alingoja aambiwe neno jingine, la pongezi labda, baada ya mwaka kama ule. Hakuambiwa. Tajiri alikuwa ameshageukia mteja. Basi akapita ng'ambo ya pazia, akavuta koti la kwanza, akashika pasi, akakitazama kitufe chake cha mvuke, na duka zima likamsikia.

"Nani ameweka mvuke wote huu hapa? Nani? Hii ni pasi ya suti au ni sufuria?"